Yule Niliyemwita Udongo

Siku yangu ya mwisho kazini, pale depo ya mbegu ya Bungoma, mlinipa saa ya ukutani, leso mbili na kadi kubwa iliyoandikwa kwamba mimi ni mama anayejua watu. Mlisaini wote. Mmoja wenu wa idara ya mauzo akasimama akaomba kwamba nikishapumzika niwaandikie niliyojifunza kuhusu tabia za watu kazini: nani wa kusukumwa, nani wa kubembelezwa, nani wa kuachwa ajiendee. Nilitabasamu, nikasema nitaandika. Kadi ile nilikuja nayo hadi nyumbani Tuwan, hapa Kitale, nikaisimamisha juu ya kabati, na baada ya siku mbili nikailaza kifudifudi.

Sasa nimeandika. Huenda sicho mlichoomba, lakini ndicho ninachokijua.

Niliingia kiwanda cha mbegu cha Kitale nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na cheti cha kilimo na sketi ambayo mama yangu alikuwa ameipiga pasi mara mbili. Nilidhani nitapewa meza. Nikapelekwa kwenye chumba chenye joto na unyevu, kilichonuka mchanga mbichi, ambako mbegu hujaribiwa kabla ya kuuzwa. Wengi wenu wa mauzo hamjawahi kukiona chumba hicho, kwa hiyo nieleze. Unachukua mbegu mia nne za loti moja, yaani mahindi yaliyovunwa shamba moja na kukaushwa pamoja. Unazipanda mia mia kwenye trei za mchanga uliolowa, na siku ya saba unahesabu zilizoota vizuri, zilizoota vibaya na zilizokufa. Zisipofika tisini katika kila mia, loti haitoki. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuielewa, na mtu mzima aliyesoma anaweza kuiharibu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Masinde, mchambuzi wa mbegu aliyekuwa pale tangu kuta hazijapakwa rangi. Kibano chake cha kushikia miche alikifunga kwa uzi shingoni kama wengine wanavyofunga miwani. Wiki yangu ya kwanza tulihesabu trei tukiwa bega kwa bega, nami nikamaliza mbele yake, nikakaa nikingoja kusifiwa. Aliniambia nihesabu tena. Nikapata idadi nyingine. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unahesabu mbegu ama ulikuwa unanihesabu mimi?"

Masinde alijua watu, ingawa hakuwa na jina la elimu hiyo. Kulikuwa na mama aliyefagia ukumbi wa kuchambulia mahindi. Ofisi ikataka kumpeleka kwenye upakiaji, kazi nafuu, isiyo na vumbi. Akakataa katakata. Wakasema ni mkaidi, wengine wakasema hana shukrani, na barua ya onyo ikaanza kuandikwa. Masinde alienda akasimama mahali mama yule alipozoea kusimama na ufagio wake, akakaa hapo kama dakika tano. Kutoka kwa dirisha lililokuwa hapo ulikuwa unaona uwanja wa shule ya chekechea ng'ambo ya barabara, na mtoto wa yule mama alikuwa na kifafa. Masinde hakueleza ofisi jambo lolote. Aliomba tu kwamba mama yule aachwe pale kwa sababu anafagia vizuri. Baadaye akaniambia kwamba ukitaka kujua mtu anafanya kazi kwa ajili ya nini, tafuta kile kitu ambacho hatakubali kunyang'anywa.

Nilimsikia. Nikaona ni maneno ya mzee ambaye hajaenda kozi.

Vyeo nitaviruka. Itoshe kusema Masinde alistaafu, na baada ya muda meza yake ikawa yangu, na wachambuzi sita wakawa chini yangu. Wawili kati yao ndio wanaohusika hapa.

Wa kwanza alikuwa Barasa. Huyo mngempenda kabla hajafika mlangoni. Alijua majina ya watoto wa walinzi, aliimba akiosha trei, na akikuletea fomu alikuletea na habari njema nyingine juu yake.

Wa pili alikuwa Nasimiyu, kutoka Chwele. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyoshika mche mchanga bila kuuvunja. Ukimwuliza kitu alitazama chini, akanyamaza muda wa kukufanya urudie swali, halafu akajibu maneno matatu. Alihesabu kila trei mara mbili bila kuambiwa. Kwa miaka mingi sikuwahi kumkuta na kosa, na badala ya kumshukuru, jambo hilo lilinikera. Mtu asiye na makosa na asiye na maneno humfanya mkubwa wake ajihisi kama mgeni.

Lazima niseme na hili. Miezi yake ya kwanza Nasimiyu alikuwa akizungumza. Katika kikao cha Jumatatu alisimama aeleze matokeo yake, na kama watu wengi wa kwao, ulimi wake ulikuwa unabadilisha l na r. Akasema lipoti yake iko tayali. Mimi nilikuwa nimeketi mbele. Nikamwambia, kwa sauti ya mzaha, kwamba tutaingoja ripoti, hiyo lipoti akaiuze sokoni. Kikao kizima kikacheka, na Barasa akacheka zaidi, na yeye ni wa huko huko. Nasimiyu alimaliza kusoma tarakimu zake, akaketi. Tangu siku hiyo alileta matokeo kwa maandishi. Mimi niliyasahau yale kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo sababu maneno yake humu nitayaandika yalivyo sawa, bila kuiga matamshi yake. Niliiga vya kutosha.

Miaka michache baadaye alikuja mkufunzi kutoka Nairobi kutufundisha wakubwa namna ya kuelewa tabia za wafanyakazi. Tulikaa siku tatu kwenye hoteli moja hapa mjini, tukala vizuri. Alisema watu ni aina nne. Wa Moto huamua na kusukuma. Wa Upepo huongea na kuvutia. Wa Maji hupenda amani. Wa Udongo huchunguza kila kitu, hukawia, na huogopa kuamua. Kulikuwa na fomu ya maswali arobaini. Mimi nilitoka Moto, nikafurahi kama mtu aliyepewa kabila jipya. Mpishi wa kantini yetu, aliyejumuishwa ili idadi itimie, alipata zote nne sawasawa, akaambiwa arudie.

Sitaki msome hapa kwamba kozi ile ilikuwa ya bure. Mkufunzi alituonya mara kadhaa kwamba fomu inafungua mazungumzo, haiyafungi. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari. Kisha nikarudi kazini, nikajaza fomu za wafanyakazi wangu wote mwenyewe, bila kuwauliza, nikabandika chati ukutani yenye majina na rangi. Barasa nilimweka Upepo. Nasimiyu nilimweka Udongo. Sisi ni watu wa mbegu, tunaishi kwa udongo, na bado sikuona ajabu kuufanya neno la kumdharau mtu.

Chati ilinipendeza kwa sababu ilinipunguzia kazi. Mtu akileta jambo, sikulazimika tena kumsikiliza. Nilimtazama, nikatazama rangi yake, nikajua amesema nini.

Ikaja Februari moja ambayo kiwanda kilikuwa kimechelewa. Wakulima wa mlimani walikuwa wanaulizia mbegu na malori yalikuwa yameshapangwa Ijumaa. Loti moja kubwa ilikuwa imebaki chini ya mkono wa Nasimiyu. Jumatatu alileta fomu. Alikuwa amepata themanini na moja. Juu ya fomu alikuwa amebana karatasi kwa pini, mwandiko wake wa duara: "Madam, loti hii ina ukungu kwenye kiini. Naomba irudiwe na mtu mwingine nikiwepo. Isitoke."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama nje na mikono nyuma, akingoja nimwite. Sikumwita. Nilisema moyoni kwamba watu wa Udongo ndivyo walivyo, wakiachwa hawatatoa mbegu mpaka Krismasi. Nikamwita Barasa, nikampa loti ile airudie, nikamwambia malori ni Ijumaa. Kipimo kamili kinataka siku saba. Barasa akasema siku ya nne pia mtu anaweza kusoma mwelekeo. Ijumaa asubuhi aliniletea tisini na mbili. Nilimshika bega, nikamwita kwa jina, nikaweka fomu yake juu ya ile nyingine. Malori yakatoka.

Mwishoni mwa Aprili simu zikaanza kutoka Cheptais na vijiji vya jirani. Nilienda na dereva, nikamchukua Nasimiyu kwa sababu anajua lugha za huko. Mkulima wa kwanza tuliyemfikia aliitwa Mzee Naibei. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula, na haikuwa na kitu. Hapa mche, pale mche, katikati udongo mtupu. Upande wa pili wa ua wa miti, jirani yake aliyepanda siku hiyo hiyo punje za kuchagua ghalani mwake alikuwa na mahindi yaliyofika magotini.

Mzee Naibei hakupaza sauti. Alichimba kwa kidole, akatoa mbegu, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa laini kama ugali wa jana, na katikati nyeusi. Akachimba nyingine. Akachimba ya tatu, kisha akasema, "Nilifikiri ni mimi nimekosea. Nililaumu watoto kwamba hawakufunika vizuri. Nilichapa mmoja."

Halafu akatukaribisha chai.

Tukiwa tunakunywa, Nasimiyu alianza kuongea naye kwa Kibukusu, ambacho mzee alikifahamu. Aliongea kwa muda mrefu. Mikono yake ilienda huku na huku, akionyesha mteremko, akiuliza, akicheka kidogo, na mzee naye mwishowe akacheka. Nilikuwa nimefanya kazi na mwanamke yule miaka saba na sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Kwenye gari nilimwuliza walikuwa wanasema nini. Akatazama chini, akanyamaza, akajibu, "Nilimwambia apande maharagwe na viazi. Mahindi, wakati umeenda."

Kiwanda kiliwapelekea wakulima mbegu nyingine. Lakini mvua hairudishwi kwa lori.

Siku iliyofuata Barasa aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Hakuimba. Alisema zile trei hakuzihesabu. Siku ya nne alizitazama kwa macho, akaona hazipendezi, akaandika idadi aliyodhani itafaa. Nilimwuliza kwa nini. Jibu lake ninalo mpaka leo.

"Madam, nikikuletea tisini unaniita Barasa. Nikikuletea sabini unaniita wewe."

Nilitaka kubisha, nikatafuta hata siku moja ya kumwonyesha kwamba si kweli. Sikuipata. Kichwani nilikuwa nimemweka Upepo, mtu apendaye kupendwa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa navuma, yeye akiegemea upande ninaoutaka ili asivunjike.

Kwa hiyo kufikia siku ile nilijua kila kitu. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma kinachofuata, maana kwa miaka mingi nilijisimulia hadithi hii kana kwamba nilikuwa sijajua.

Kamati ilitumwa kutoka makao makuu, watu watatu wenye adabu. Waliomba faili ya loti ile iletwe saa tatu kesho yake. Jioni wengine walipotoka nilibaki nimeketi na faili mbele yangu. Nilichomoa pini. Karatasi ya Nasimiyu niliikunja mara nne, nikaiweka kwenye mkoba. Nilifika nyumbani nikaitia kwenye jiko nililokuwa nakaangia vitunguu, na nikaendelea kukaanga.

Katika taarifa yangu niliandika kwamba mchambuzi wa kwanza aliona dalili lakini hakutoa tahadhari ya kutosha. Nikaongeza, kwa lugha ya kozi, kwamba kwa tabia yake ni mtu asiyejieleza na anayeogopa kuamua, na nikaambatisha ile fomu niliyomjazia mwenyewe. Kuhusu Barasa niliandika kwamba alipotoshwa na muda mfupi. Kuhusu aliyeufupisha muda huo sikuandika.

Nasimiyu aliitwa. Nilikuwepo chumbani kama mkubwa wake, nimeketi ubavuni. Mwenyekiti alimwuliza kama alimjulisha mkubwa wake kuhusu ukungu. Alinitazama mimi kwanza. Hakuwa anaomba. Alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikatazama kalenda.

"Niliandika," akasema.

Wakafungua faili, wakageuza kurasa zote, moja moja, kwa uangalifu wa kutisha. Wakamwuliza tena, na tena wakamwuliza kama anaweza kueleza. Akanyamaza. Mwenyekiti akaandika kwamba mhusika hakuweza kujieleza. Kila mtu mle ndani aliona kile nilichoandika kikithibitika mbele ya macho yao.

Aliondolewa maabara, akapelekwa depo ya Bungoma kuhesabu magunia. Barasa aliacha kazi mwaka uliofuata, akaingia kwenye bima, na nasikia anafanya vizuri. Mimi nilibaki. Chati niliitoa ukutani, nikasema rangi imefifia.

Miaka tisa baadaye nikahamishiwa Bungoma niwe mkuu wa depo, na hapo ndipo wengi wenu mlinikuta. Siku ya kwanza nilielekea ghalani. Kabla sijafika mlangoni nilisikia sauti ya mwanamke ikisimulia jambo na wapakiaji wakicheka mpaka wanakohoa. Nikaingia. Sauti ikakatika. Nasimiyu alikuwa nyuma ya rundo la magunia na daftari mkononi, akitazama chini. Akasema, "Karibu Madam," na maneno yakawa yameisha.

Ninyi nyote mlimwita Mama Wekesa. Mimi peke yangu nilimwita Nasimiyu, kama karani wa mahakama. Nilijiambia kwamba ananichukia, na kwamba ni haki yake, na kwamba nikimwacha atulie nitakuwa nimemheshimu. Mtu mwoga hana upungufu wa sababu nzuri.

Kisha dereva wetu, tukitoka Cheptais siku moja, akanionyesha njia ya kwa Mzee Naibei. Alisema kila mwaka kabla ya msimu Mama Wekesa huchukua siku zake za likizo akapanda mlimani kwa mzee yule na kwa majirani zake, na kitambaa cha gunia kilicholowa. Hupanga mbegu zao humo, mia mia, na baada ya siku saba hurudi kuhesabu kabla hawajapanda. Hakuna aliyemtuma. Tulikuwa tumemnyang'anya maabara, naye akawa anaibeba kwenye kikapu.

Na kulikuwa na yale mazishi ya mmoja wa walinzi wetu, huko Chwele. Niliketi safu ya tatu chini ya hema. Aliyeshika kipaza sauti, akiongoza watu kama mia tatu, alikuwa Nasimiyu. Aliwaliza, akawachekesha, akamwita mjane asimame, akamsemesha kwa upole mbele ya wote. Kibukusu, Kiswahili, vyote vilimtii. Kisha macho yake yakatua juu yangu. Akaanza sentensi, ikamkwama. Akaianza tena. Akamkabidhi mzee wa kanisa kipaza sauti, akaketi, na watu wakadhani ni majonzi.

Pale ndipo nilipoelewa, nikiwa na soda ya moto mkononi. Ile tabia niliyoiandika kwenye fomu, nikaiambatisha, nikaiacha imhukumu, haikuwa tabia yake. Ilikuwa tabia yake mimi nikiwepo. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu huyu hata siku moja ambayo mimi sikuwa chumbani.

Mtadhani nilimfuata siku hiyo. Nilikaa miaka mingine miwili. Nilitaka kustaafu na jina langu.

Mwezi mmoja baada ya kadi yenu nilikwenda kwake Chwele. Mume wake alinipokea, akaniambia karibu Mama, akatuletea viti, akaenda kuangalia ng'ombe. Nasimiyu alikuwa anapukuchua maharagwe kwenye ungo. Nikamweleza yote: kicheko cha kikao, karatasi, pini, jiko, vitunguu. Nilisema yote kwa utaratibu kama mtu anayetoa taarifa, kwa sababu nilijua nikipunguza mwendo nitalia, na sikutaka anibembeleze. Hakuwa na mpango wa kunibembeleza. Aliendelea na maharagwe.

"Nilijua ni wewe uliitoa," akasema. "Ile fomu waliponionyesha ilikuwa na tundu za pini, na hakuna kitu kilikuwa kimeshikwa hapo."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia.

"Ningeambia nani? Wewe ndiye ulikuwa unaniandikia." Alitupa maganda. "Mwaka wa kwanza nilingoja uje. Baadaye nikaacha. Ukahamishwa huku, nikasema sasa amekuja. Ukakaa miaka minne ukinipa funguo za ghala. Leo umeacha kazi ndio unaniletea. Sasa hii ni yangu ama ni yako?"

Akaniambia, bila ukali, kwamba mimi nimemwambia mtu ambaye tayari anajua. Wasiojua wako Kitale, na faili yake iko kwao, na ndani yake imeandikwa kwamba yeye ni mtu ambaye aliona na hakusema. Watoto wake waliposikia mama ameondolewa maabara waliuliza alifanya nini, na hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Jumatatu nilikuwa kiwandani Kitale. Meneja wa sasa ni Cherono, niliyemfundisha mwenyewe kushika kibano. Alisimama kunipokea, akaagiza chai. Nilipomaliza kusema alikuwa ameisahau chai yake. Aliniambia taratibu, "Madam, si tuachane na hii maneno? Watu walishasahau." Nikamwambia kuna mmoja hajasahau, na mimi ni wa pili. Akaniuliza kama naelewa kwamba nikiweka sahihi, jambo hilo litasomwa na watu walionisifu, na huenda na mawakili. Nikasema naelewa. Niliandika kurasa nne kwa mkono, pale pale mezani kwake. Aliposoma aliacha kuniita Madam. Hakuniita kitu kingine chochote.

Ilichukua miezi. Mwishowe kampuni ilimwandikia Nasimiyu kwamba matokeo yake yalikuwa sahihi, kwamba alitoa tahadhari kwa maandishi na ikaondolewa na mkubwa wake, kwamba uamuzi wa kamati umefutwa, na kwamba inamwomba radhi. Walimwalika arudi maabara kufundisha wachambuzi wapya kwa muda uliobaki kabla naye hajastaafu. Cherono aliniambia alikubali, kwa sharti moja: wiki moja kila msimu awatoe wanafunzi hao awapeleke mlimani, wahesabu mbegu za wakulima mbele ya wakulima wenyewe.

Kuhusu mimi waliniandikia aya mbili ambazo sina haja ya kuzinakili. Nilistahili zaidi ya aya mbili. Jina langu limetolewa kwenye ule ubao wa heshima pale mapokezi, na kama mliuliza kwa nini kuna nafasi tupu, sasa mmejua.

Siku chache baada ya kupata barua Nasimiyu alinipigia simu. Katika miaka yote ile hakuwa amewahi kunipigia. Nilikuwa uani naanika nguo, nikakaa juu ya ndoo. Alisema ameipata, ameisoma yote, na Jumapili aliwakusanya watoto na wakwe akawasomea, neno kwa neno, na mkubwa, Wekesa, aliomba aishike mkononi. Alishukuru kwamba niliandika. Nikaanza kusema kwamba nitapita Chwele siku moja, niwasalimie, nilete hata sukari.

"Usije, Madam," akasema. "Si kwa ubaya. Mimi nikikuona bado nanyamaza, na nimechoka kunyamaza."

Nikasema sawa, Mama Wekesa.

Nilisikia kuku wa kwake na sauti ya mtu akimwita. Alimjibu mtu huyo kwanza, kwa sauti kubwa, akicheka, kisha akakata simu.